Kituo changu cha hali ya hewa kinachora mvua kila alasiri, na karafuu ziko juani

Mkarafuuni_Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Mpwa wangu aliyeko Maskati ameniletea kituo kidogo cha hali ya hewa: kipimajoto, kipimamvua chenye kikombe cha kupinduka, kipimaupepo, na kioo cha ndani kinachoonyesha pia mgandamizo wa hewa. Nimekipenda sana, kila saa 3 asubuhi naandika namba zote kwenye daftari.

Kinachonisumbua ni picha ya utabiri. Asubuhi inachora jua. Ikifika saa 8 au saa 9 mchana mgandamizo unaanza kushuka na picha inageuka wingu lenye matone. Nikitoka uani jua linawaka vilevile na majamvi yamejaa karafuu. Jana saa 4 asubuhi mgandamizo ulikuwa hektapaskali 1015, saa 10 jioni 1011, saa 4 usiku ukapanda 1014, na saa 10 alfajiri nilipoamka 1012. Juzi hivyohivyo, karibu saa zilezile.

Mnaijua kazi hii. Ukianua bure umepoteza jua la alasiri na umewachosha watu. Usipoanua, mvua ya vuli ikazipiga, karafuu zinafanya ukungu na daraja linashuka. Je, chombo ni kibovu, au kuna kitu kweli kinashusha hewa kila alasiri?

Mwl_Mstaafu_Tanga
Waalaykum salaam dada yangu. Chombo chako kizima, na daftari lako limenifurahisha mno. Ulichokiandika ni kujaa na kupwa kwa hewa. Bahari yenu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na hewa nayo hivyohivyo. Ila bahari hufuata zaidi mwezi, ndiyo maana saa zake zinasogea kila siku. Hewa hufuata jua, kwa hiyo saa zako hazisogei: kilele ni kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini ni kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Jua hupasha moto gesi ya ozoni iliyo juu sana na mvuke wa maji ulio huku chini, na joto hilo linazua wimbi linalozunguka dunia nzima. Karibu na ikweta lina nguvu, ukienda kaskazini ya Ulaya linafifia hata halionekani. Humboldt, mwanasayansi Mjerumani aliyefika Amerika ya Kusini mwaka 1799, aliona lina utaratibu kiasi kwamba mtu angeweza kukisia saa kwa kutazama barometa tu, yaani kipimo cha mgandamizo, akakosea kama robo saa.

Sasa hiyo picha. Programu yake imetungwa kwa nchi za baridi, ambako mgandamizo ukishuka hivyo kwa saa chache mara nyingi mvua iko njiani. Kwetu huko kushuka ni alasiri tu, hakuna zaidi. Bandika karatasi juu ya picha, ubaki na namba. Manyunyu na mvua nyingi za vuli zinatoka kwenye mawingu yanayokua kwa joto na unyevu, hayasubiri barometa ishuke.

Lakini barometa usiidharau! Linganisha saa 10 ya leo na saa 10 ya jana, usilinganishe na asubuhi ya leo. Mabaharia wana kanuni: ikiwa chini ya kawaida ya saa hiyo na msimu huo kwa hektapaskali 3, kaa macho, ikifika 5, dhoruba ya kitropiki huenda iko karibu. Pemba iko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, na vimbunga ni nadra huko. Nadra tu. Aprili 1872 kimbunga kiliiangamiza mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi zikawa zenu. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Shamba_Mkoani
Mwalimu kamaliza, mimi naongeza la uani. Kwenye kioo chako tazama joto na upepo. Wingu la mvua kubwa likikaribia, upepo hukata kidogo, kisha unakuja wa ubaridi kwa ghafla na joto linaanguka nyuzi kadhaa kwa dakika chache. Ukiona hivyo usiulize mtu, vuta turubai. Muda unaopata ni mfupi, kwa hiyo turubai likae palepale pembeni ya jamvi, lisikunjwe ghalani.

Mkarafuuni_Wete
Allah awalipe kheri. Karatasi nimeshabandika. Moja tena, mwalimu: mvua ya juzi usiku kituo kimesema milimita 22, na kipimamvua cha kawaida cha jirani kimesema 27. Nimwamini nani?

Mwl_Mstaafu_Tanga
Kwa mvua ya kumwagika, mwamini jirani. Kikombe kinapopinduka, maji yanayoingia wakati huohuo hayahesabiwi vizuri, na mvua ikiwa nzito hasara inazidi. Hakikisha pia kipimamvua chako kiko mbali na mti au paa, angalau mara mbili ya urefu wa mti au paa hilo, na ondoa majani na utando wa buibui kwenye mdomo.

Kisha kipime. Pima upana wa mdomo, tafuta eneo lake kwa sentimita za mraba. Mdomo wa duara wenye upana wa sentimita 12.7 una eneo la kama 127, kwa hiyo mililita 127 za maji zinatakiwa kusomeka milimita 10. Tia maji hayo kwenye chupa, toboa kizibo kwa sindano, yadondoke taratibu kwa saa moja hivi. Ukisoma 9.5 au 10 chombo kiko sawa. Ukisoma 8, kiangalie kama kimesimama wima, ukisafishe kikombe, halafu rudia, na uandike tarehe ya jaribio hilo kwenye daftari lilelile.