Mrejesho: Waya uliokutwa kwenye pilau ya mgahawani

Ndugu zangu, niliomba ushauri baada ya mdogo wangu kuuma kipande cha waya wa kusugulia sufuria ndani ya pilau ya mgahawa mmoja hapa Dar es Salaam, akakitema, lakini akabaki akihisi kitu kinamchoma kooni. Wapo waliosema ameze tonge la ugali, kama wengi wetu tufanyavyo kwa mwiba wa samaki; daktari alilikataa jambo hilo kabisa, kwa kuwa tonge linaweza kuukandamiza waya ukazama zaidi kwenye nyama ya koo. Picha ya eksirei ilionyesha kijiuzi chembamba kilichopinda mithili ya ndoana, kikatolewa kwa kibano siku hiyo hiyo.

Kile alichokitema tulikifunga kwenye karatasi pamoja na risiti, na ndivyo vilivyompa afisa afya wa manispaa pa kuanzia. Mwenye mgahawa, aliyekuwa akishikilia kwamba waya tulikuja nao wenyewe, alinyamaza ulipokutwa wa aina ile ile, umechakaa na kumeguka, kando ya sufuria zake. Ameagizwa kuacha kuutumia, na gharama za matibabu amelipa. Fidia nyingine hatukudai.