Naomba ushauri: mti wangu wa tilia umeacha kuinamisha matawi

Msafiri wa Reading: Ndugu wanajamvi, nina haraka ya ushauri wenu. Hapa Uingereza nina mti bustanini uitwao Tilia tomentosa 'Petiolaris'. Wenyeji huuita laimu ya fedha inayolia, kwa sababu matawi yake huning'inia kama nywele zilizofumuliwa na majani yake ni meupe upande wa chini. Ulipandwa miaka mitatu iliyopita ukiwa mche wa kimo changu, ukakua vizuri, lakini msimu huu umetoa machipukizi yaliyosimama wima kama fito, tena majani yake ni ya kijani pande zote mbili. Mti huu huwavuta nyuki mno, hata wengine huokotwa chini yake wamekufa. Niuwekee mbolea gani ili urudi kuinama? Jumapili tuna mgeni.

Bi Mwanaidi: Mwanangu, mndimu hautaki mbolea ya dukani. Chukua jivu la kuni, changanya na samadi iliyooza, zungushia mbali kidogo na shina. Wa kwetu Pemba ulikuwa kando ya kisima na hatukununua ndimu miaka yote niliyokaa kwa mama, mpaka kaka yangu alipoamua kufunga mbuzi pale. Habari za mbuzi yule nitazileta siku nyingine.

Msafiri wa Reading: Shikamoo bibi. Huu si mndimu, ni jina la Kiingereza tu lililofanana. Hauzai tunda la kuliwa.

Bi Mwanaidi: Marahaba. Sasa mti usioliwa unautilia mbolea ya nini?

Mkaazi wa Berlin: Huku Ujerumani ndio mti ulioipa jina barabara ya Unter den Linden, na maua yake hukaushwa yakawa chai ya mafua. Mwaka wangu wa kwanza niliegesha gari usiku kucha chini ya tilia ya kawaida, mwezi wa Juni, na asubuhi nikalikuta limepakwa utomvu mtamu wa vidukari, unanata kama kashata isiyokauka, na vumbi limeganda juu yake. Nililisugua mpaka nikachelewa kazini. Hiyo ya fedha haisumbuliwi sana na vidukari, kwa hiyo umebahatika. Kuhusu mbolea sina la kukueleza.

Fundi Muheza: Hakuna mbolea inayoinamisha tawi. Mti wa namna hiyo hubebeshwa juu ya shina la tilia ya aina nyingine, kama tunavyobebesha mchungwa juu ya mlimao. Tazama shina: pana mahali lilipovimba au gome lilipobadilika sura? Machipukizi yanatoka juu ya hapo au chini yake? Na je, uliukata?

Msafiri wa Reading: Niliupunguza kidogo mwezi wa Februari.

Fundi Muheza: Kidogo ni kiasi gani, mkuu?

Msafiri wa Reading: Nilikata shina kwa msumeno, usawa wa kiuno, kwa sababu matawi yalikuwa yakifagia gari kila ninapoliingiza. Uvimbe unaousema ulikuwa usawa wa kifua. Lakini naomba nieleweke: kwetu Dodoma mwarobaini hukatwa, mlusina hukatwa, na yote huchipua ikawa ile ile, kwa hiyo sikuona kosa, na bado sioni. Isitoshe, magunia manne ya samadi ya farasi nimeshayanunua.

Fundi Muheza: Mwarobaini wako haukubebeshwa. Ulichokata na kutupa ndicho kilichokuwa mti wa kuinama. Kilichobaki ni shina la chini, nalo linachipua kwa sura yake lenyewe. Ni sawa na mtu aliyekata mchungwa wake chini ya maungio, kisha analalamika kwamba anavuna malimau.

Mzee Kanuni: Vijana hushika msumeno kabla ya kuuliza. Ukiwa katika mtaa uliotangazwa kuwa eneo la hifadhi huko Uingereza, mti wenye shina la kipenyo cha zaidi ya sentimita 7.5, likipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, haukatwi mpaka halmashauri ipewe taarifa wiki 6 kabla. Je, ulipima?

Pasi Shaka: Samahanini, mimi naona hii ni hadithi. Tilia ya fedha huchanua Julai kuingia Agosti, na leo ni Mei. Mti uliokatwa Februari umetoa wapi maua ya kuua nyuki? Picha hakuna, na akaunti imefunguliwa jana.

Msafiri wa Reading: Nyuki niliwaokota Julai iliyopita chini ya mti wa jirani, ambao ni mkubwa, walikuwa wale wanene wenye manyoya. Nilichanganya habari. Jirani huyo ni mama mtu mzima, na mche wangu ni yeye aliyetuletea alipozaliwa binti yetu. Mgeni wa Jumapili ndiye yeye. Picha siweki, kwa sababu kisiki kinaonekana vibaya.

Fundi Muheza: Basi nakusadiki. Samadi usiirundike shinani, italiozesha gome. Acha chipukizi moja au mawili yenye afya, mengine yang'oe yakiwa bado laini, na mwagilia vizuri kipindi cha kiangazi. Mwishoni mwa Julai au Agosti tafuta mtu anayejua kubebesha macho, yaani vitumba vya kuchipua, achukue jicho kutoka mti wa aina ile ile, alifunge kwenye chipukizi. Kabla ya hapo pima umbali hadi nyumbani, maana mti huu hupita mita 20 kwa urefu. Kama ni karibu, ubebeshe, kisha uhamishe wakati haujavaa majani, kuanzia Novemba.

Bi Mwanaidi: Na hilo jicho ataliomba kwa nani, kama si kwa mama huyo huyo?

Msafiri wa Reading: Ndiyo maana niliuliza habari ya mbolea, bibi.