Mafahali wawili zizi moja: tupeane uzoefu wa kuweka mifumo endeshi miwili kwenye kompyuta moja

Mwanagenzi
Ndugu zangu, nimeanzisha mada hii kwa sababu jana usiku niliwasha kompyuta yangu nikakuta saa yake imekosea kwa saa kamili kadhaa, ingawa niliirekebisha kwa mkono wangu asubuhi ya siku hiyohiyo. Ninatumia Windows kwa kazi za ofisi na Linux Mint kwa kujifunza kuandika programu, na kila nikitoka huku kwenda kule, saa hupotea. Jambo hilo dogo limenirudisha kwenye wiki ya kwanza nilipoweka mfumo wa pili, wiki ambayo nililala saa chache mno. Ninaomba kila aliyewahi kuishi na mifumo miwili aeleze lililomsibu na jinsi alivyojinasua.

Fundi Kimya
Mwanagenzi, saa yako haijaharibika. Kwenye bodi mama, yaani bamba kuu la saketi ndani ya kompyuta, kuna saa ndogo inayoendeshwa na betri hata kompyuta ikiwa imezimwa. Linux huichukulia saa hiyo kuwa inahesabu saa ya dunia, yaani UTC, kisha yenyewe huongeza au kupunguza kulingana na ukanda wa saa ulipo, ilhali Windows huisoma kama ilivyo, ikiamini kuwa ndiyo saa ya mahali ulipo. Kila mfumo ukipata intaneti hujisahihisha na kuiandika saa ya betri kwa kanuni yake, na mwenzake akiamka anakuta mambo yamegeuzwa. Fungua Linux, andika `timedatectl set-local-rtc 1`, nayo itafuata kanuni ya Windows.

Jabali
Fundi, nakuheshimu, lakini ushauri huo mimi siukubali. Ukitoa amri hiyo, Linux yenyewe inakuonya kwamba utaratibu huo hauungwi mkono kikamilifu na kwamba unaweza kuleta matatizo pale saa zinapobadilishwa kwa majira ya mwaka. Njia iliyo sahihi ni kuiambia Windows isome UTC, kwa kuongeza thamani ya RealTimeIsUniversal kwenye rejista yake, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani.

Fundi Kimya
Rejista si mahali pa kumpeleka mtu aliyekuja kuuliza habari za saa. Akifuta mstari asioujua, atarudi hapa na tatizo lisilofanana na hili hata kidogo. Amri moja ambayo hufutwa kwa kuandika sifuri badala ya moja ni salama zaidi kwake.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, msigombane kwa ajili ya saa, kwa maana njia zote mbili zinafanya kazi na kosa pekee ni kuzitumia zote kwa pamoja. Mada hii imenikumbusha mwaka 2010, wakati diski zetu zilikuwa bado zinatumia mpangilio wa zamani wa MBR, ambao haukuruhusu zaidi ya patisheni kuu nne, yaani vyumba vikuu vinne vya diski. Nilikuwa nimeweka Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kando ya Windows 7, nikaitumia miezi mitatu, kisha nafasi ikanibana. Nikaingia Windows, nikafungua sehemu ya kusimamia diski, nikaifuta patisheni ya Linux na kuinyoosha ya Windows ichukue nafasi yake. Nilizima kompyuta nikiwa nimeridhika kabisa na kazi yangu.

Asubuhi ilikuwa zamu ya kufundisha, na maswali ya mtihani yalikuwa ndani ya kompyuta hiyo. Nilipoiwasha, skrini ilibaki nyeusi ikiwa na maneno mawili tu: `grub rescue>`. Sikuwa nimeelewa kwamba programu ya kuwashia, ile GRUB, ilikuwa imekaa sehemu mbili. Kipande kidogo kilikuwa mwanzoni mwa diski, kuanzia sekta ya kwanza yenye baiti 512 tu, na sehemu yake iliyobaki ilikuwa ndani ya patisheni niliyoifuta. Kipande kile kiliamka, kikamtafuta mwenzake, kikamkosa. Windows yangu ilikuwepo nzima, pamoja na mtihani wangu, lakini hapakuwa na wa kuifungulia mlango. Niliokolewa na DVD ya kusakinishia Windows niliyoazimwa na mwenzangu, ambapo niliandika `bootrec /fixmbr` na mlango ukafunguka. Anayetaka kuondoa Linux leo kwenye kompyuta ya mpangilio ule wa zamani, airudishe kwanza programu ya kuwashia ya Windows, ndipo afute.

Kipepeo
Mwalimu, lilinikuta vilevile, neno kwa neno.

Sauti ya Pwani
Hata mimi. Maneno yale mawili bado ninayaona nikifumba macho.

Mtafiti wa Usiku
Sikuwa na nia ya kuandika, lakini simulizi ya Mwalimu imenigusa, nami sijawahi kuyaeleza haya kwa ukamilifu.

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na diski mbili. SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, ilikuwa na Linux, na diski kubwa ya terabaiti 1 ilikuwa na Windows mwanzoni, kisha patisheni ya data iliyoenea hadi mwisho. Katika patisheni hiyo nilikuwa nimehifadhi mahojiano ya utafiti wangu ya miezi kumi na minne, pamoja na sauti ya babu yangu akisimulia ukoo wetu, niliyoirekodi wiki sita kabla hajafariki. Nakala rudufu ya mahojiano ilikuwepo, ya zamani kidogo. Nakala ya sauti ya babu haikuwepo kabisa.

Usiku mmoja nilitaka kutengeneza flashi ya kusakinishia toleo jipya la Linux. Kwa kawaida SSD iliitwa sda, diski kubwa sdb, na flashi nikiichomeka iliitwa sdc. Usiku ule niliwasha kompyuta flashi ikiwa imeshachomekwa, nami sikujua kwamba herufi hizo hazifungwi kwenye kifaa chochote, bali hugawiwa kadiri vifaa vinavyotambuliwa wakati wa kuwasha. Flashi ilikuwa imepewa sdb, na diski kubwa ikawa sdc. Niliandika amri ya `dd`, ambayo hunakili data moja kwa moja juu ya kifaa, kama nilivyoizoea, nikaielekeza sdc, nikabonyeza.

Iliisha kwa sekunde kama thelathini. Flashi ile ilikuwa haijawahi kumaliza chini ya dakika nane. Nilitazama taa yake, nikaona haijapepesa hata mara moja, na ndipo mikono yangu ikafa ganzi. Gigabaiti zipatazo 3 za kisakinishi zilikuwa zimeandikwa juu ya mwanzo wa diski, yaani juu ya orodha ya patisheni na juu ya Windows.

Nilifanya jambo moja la busara: sikugusa chochote zaidi kwenye diski ile. Sikuifomati, sikujaribu kusakinisha upya, wala sikukubali pendekezo lolote lililotokea kwenye skrini. Siku iliyofuata niliazima diski yenye ukubwa unaotosha, nikanakili ile iliyoharibika sekta kwa sekta, kazi iliyochukua saa kadhaa, kisha nikaanza kuhangaika na nakala huku ya asili nikiiweka kando. Niliifungua TestDisk, ambayo ni programu huria ya kutafuta patisheni zilizopotea, nikaiacha ipekue. Ilipoifikia patisheni ya data na kuorodhesha majina ya folda, nililia. Windows haikurudi, lakini sauti ya babu ilicheza kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nuru
Nimesoma mara mbili. Pole sana, ndugu, na hongera kwa kutogusa chochote.

Kipepeo
Sauti hiyo sasa umeihifadhi mahali pangapi?

Mtafiti wa Usiku
Mahali patatu, dada, na mojawapo si nyumbani mwangu.

Fundi Kimya
Mtafiti, nikueleze ni kwa nini uliokoka. Kwanza, `dd` haifuti diski nzima bali huandika kwa ukubwa wa faili uliyoipa, hivyo yote yaliyokuwa mbele ya gigabaiti zile 3 yalibaki kama yalivyo. Pili, ikiwa diski yako ilikuwa ya mpangilio wa GPT, ule mpya uliofuata MBR, orodha ya patisheni huwekwa mwanzoni na nakala yake huwekwa mwishoni kabisa mwa diski, kwa hiyo mwanzo ukiharibika bado kuna pa kusomea. Wote mnaosoma, kabla ya `dd` andikeni `lsblk`, amri inayoorodhesha diski zote, na mtazame ukubwa na modeli ya kifaa, msitegemee herufi.

Kinara
Mimi sielewi mnajitesea nini. Mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine, zipo, na anayetumia Windows anaweza kuendesha Linux ndani yake kwa WSL, nyenzo ya Microsoft iliyoanza mwaka 2016. Hakuna patisheni ya kukata wala mlango wa kupotea. Mkiendelea kukata diski, mtaendelea kulia.

Jabali
Kinara, huo ni ushauri wa mtu mwenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya kutosha. Kompyuta mpakato yangu ina gigabaiti 4, na nikiwasha mfumo ndani ya mfumo, yote miwili hukwama. Nikiiwasha Linux peke yake, inapata mashine nzima, pamoja na kadi ya picha.

Kinara
Basi weka Linux peke yake uachane na Windows.

Jabali
Programu ninayoitumia kazini haina toleo la Linux. Ningekuwa na hiari hiyo, nisingekuwa kwenye mada hii.

Nuru
Naomba niongeze lililonikuta, maana halijatajwa. Niliingia kwenye mipangilio ya kompyuta nikazima Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoidhinishwa wakati wa kuwasha, ili kisakinishi cha Linux kikubali kuwaka. Niliporudi Windows, nikakutana na skrini ya bluu ikinidai ufunguo wa BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski, wenye tarakimu 48. Sikuwa ninajua hata kwamba diski yangu ilikuwa imefungwa kwa njia hiyo. Nilikaa nusu siku nikiamini nimepoteza kila kitu, kisha nikaukuta ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti yangu ya Microsoft. Tafadhali, utafuteni ufunguo huo na kuuandika kwenye karatasi kabla ya kugusa mpangilio wowote wa kuwashia, au sitisheni ulinzi huo kwa muda.

Sauti ya Pwani
Na kingine ni ile Fast Startup iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012. Ukibonyeza kuzima, Windows haizimiki kabisa, bali huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iamke upesi. Ukiingia Linux wakati huo, patisheni ya Windows hufunguka kwa kusoma tu au inakataa kabisa. Nilihangaika mwezi mzima nikidhani diski yangu ni mbovu, hadi nilipoizima kwa kuandika `powercfg /h off` upande wa Windows.

Mwalimu Mstaafu
Ushauri wangu kwa anayeanza ni kutumia diski mbili, na wakati wa kusakinisha mfumo wa pili achomoe waya wa diski ya kwanza. Kisakinishi hakiwezi kuharibu kisichokiona.

Fundi Kimya
Mwalimu, kompyuta mpakato nyingi zina nafasi ya diski moja tu. Tena kwenye UEFI, utaratibu mpya wa kuwashia kompyuta, hofu hiyo imepungua, kwa sababu kila mfumo huweka programu yake ya kuwashia kwenye folda yake ndani ya patisheni ya EFI, na zote zinaweza kukaa pamoja. Kwa kawaida kinachobadilika baada ya masasisho ni mpangilio wa nani atangulie, nao hurekebishwa kwa amri ya Linux iitwayo `efibootmgr`.

Kipepeo
Mimi Windows ilipotea kwenye orodha ya GRUB baada ya kusasisha Linux. Imefutika?

Fundi Kimya
Haijafutika, dada. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, kazi ya kutafuta mifumo mingine imezimwa kwa chaguo-msingi. Fungua `/etc/default/grub`, ongeza mstari `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, kisha uandike `sudo update-grub`. Hiyo ni kwa Ubuntu na ndugu zake.

Kipepeo
Imerudi. Ahsante sana, fundi.

Mwanagenzi
Nimefuata njia ya Jabali ya rejista, baada ya kuhifadhi nakala yake kwanza kwa sababu ya onyo la Fundi. Nimewasha na kuzima mara nne, huku na kule, na saa imesimama sawa. Ufunguo wa BitLocker nimeuandika kwenye karatasi. Sasa ninanakili faili zangu kwenye diski ya nje, na imebaki saa moja na dakika ishirini.