Barua ya Hélène katika "Seta": ninyi mliipokeaje?

Bint_Kurasa

Habari zenu wanajukwaa. Natanguliza tahadhari: naeleza kitabu mpaka mwisho wake. Asiyekisoma na anayetaka kukisoma, arudi baadaye.

Nimesoma "Seta", riwaya fupi ya Mwitaliano Alessandro Baricco iliyotoka mwaka 1996. Seta ni hariri kwa Kitaliano. Mimi nimeisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Ni kitabu chembamba cha sura 65, na nyingine hazijazi hata ukurasa mmoja. Nilikifungua baada ya chakula cha usiku, nikakimaliza kabla ya saa sita, nikarudi mwanzo palepale nikaanza upya. Sijawahi kufanya hivyo na kitabu chochote. Asubuhi nikamwazima rafiki yangu. Kesho yake akanirudishia na kusema, "Humu hamna kitu, ni maneno matamu tu." Tangu siku hiyo sina raha, na ndiyo sababu nimekuja kwenu.

Kwa wenye haraka: mwaka ni 1861. Hervé Joncour, mwanamume wa miaka 32, anaishi na mkewe Hélène katika mji mdogo wa Lavilledieu, kusini mwa Ufaransa. Kazi yake ni kununua mayai ya viwavi wa hariri. Ugonjwa umewamaliza viwavi wa Ulaya, umefika hadi Misri na Syria alikokuwa akinunua, sasa anatumwa Japani. Huko, nyumbani kwa bwana mmoja aitwaye Hara Kei, anamwona msichana amelaza kichwa kwenye mapaja ya bwana huyo. Macho yake hayana umbo la macho ya watu wa kule. Tangu hapo hadi mwisho wa kitabu hawasemezani hata neno moja.

Kuna mahali palinifanya nikiweke kitabu chini kidogo. Joncour anazungumza na Hara Kei, mbele yao pana kikombe cha chai. Msichana anafumbua macho, ananyoosha mkono, anakichukua kile kikombe alichokinywea mgeni. Anakizungusha polepole mpaka anapapata pale midomo ya Joncour ilipogusa, anakunywa hapohapo, kisha anakirudisha. Basi. Mwandishi haongezi kitu, wala hatuambii moyo wa mtu ulifanyaje.

Halafu kuna zile safari. Joncour anakwenda Japani mara nne, na kila mara Baricco anaandika aya ileile, karibu neno kwa neno: mpaka wa Ufaransa karibu na Metz, treni hadi Vienna na Budapest, Kiev, nyika za Urusi juu ya farasi, milima ya Ural, Siberia, ziwa Baikal. Kinachobadilika ni jina ambalo wenyeji wanaliita ziwa. Mara ya kwanza wanaliita bahari. Mara ya pili, pepo. Ya tatu, la mwisho. Ya nne, takatifu. Rafiki yangu anasema huo ni uvivu wa mwandishi. Mimi niliyesoma mashairi tangu darasani nilikiona kibwagizo. Ubeti unakwenda unakuja, mstari wa mwisho unarudi palepale, ila kila unaporudi wewe msikilizaji umeshakuwa mtu mwingine.

Na sasa barua. Miezi baada ya safari ya mwisho inamfikia Joncour barua ya kurasa saba kwa Kijapani. Anaipeleka kwa Madame Blanche, mwanamke wa Kijapani anayeishi Ufaransa, anayevaa vidoleni vijiua vya buluu kama pete. Anamsomea. Ni barua ya mapenzi, ya wazi kabisa, yenye kumwaga yote ya moyoni. Miaka inapita, Hélène anafariki, Joncour anakuta vijiua vya buluu kwenye kaburi la mkewe. Ndipo anapojua kwamba barua ile aliitunga Hélène, akamwomba Madame Blanche aiweke kwa Kijapani.

Niliposoma mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika, sijui kwa niaba ya nani. Swali langu ni hili: Hélène alimpa mumewe zawadi, au alimfunga? Na mapenzi ya kitabu hiki ni ya nani hasa?

Sauti_Kavu

Dada Bint_Kurasa, mimi nasimama na rafiki yako, na nitasema kwa nini.

Yule msichana hana jina. Hana sauti. Hatujui alifikaje pale, ni mateka, ni mke, au alikuja kwa hiari yake. Yupo ili Joncour amwazie. Ukiondoa umri wake na macho yake hakuna mtu pale, kuna pazia. Na Japani yenyewe ni ukungu, ndege na maji ya kuogea.

Lakini hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni yule mtoto. Safari ya nne nchi iko vitani, kijiji kimechomwa, anatokea mtoto wa kiume ana glovu ambayo Joncour aliiacha makusudi kwa ajili ya msichana. Mtoto anamwongoza hadi kwa Hara Kei. Kwa kosa hilo la kubeba ujumbe wa mapenzi, ananyongwa. Joncour anamwona ananing'inia mtini. Kisha kurasa zinasonga mbele na tunarudi kwenye huzuni ya mtu mzima anayemtamani mwanamke wa mwenzake. Nilingoja mwandishi arudi kwa yule mtoto. Hakurudi.

Kwangu ufupi si sifa kama unatumika kupita haraka pale ambapo mtu alipaswa kusimama. Samahani kama nimekuwa mkali.

Mfuga_Viwavi

Nimefuga viwavi wa hariri kwa miaka sita, kwa hiyo nilikisoma kitabu hiki kwa jicho la kazi, na nadhani kuna jambo mnalipita.

Ugonjwa ule ni wa kweli. Wafaransa waliuita pébrine, kutokana na neno la watu wa kusini kwao lenye maana ya pilipili manga, kwa sababu kiwavi anatokwa na vidoadoa vyeusi kama amenyunyiziwa pilipili. Mwaka 1853 Ufaransa ilivuna tani 26,000 hivi za vifukofuko, yaani vile vifuko vya uzi anavyojisokotea kiwavi. Mwaka 1865 zilibaki tani 4,000 tu. Mwaka huohuo mwanasayansi Louis Pasteur akaenda Alès, mji wa kusini mwa Ufaransa, kuuchunguza, akakaa na kazi hiyo miaka kadhaa. Alichokipata ni rahisi kukieleza ila kigumu kukifanya: kila nondo jike atage peke yake kwenye kipande chake cha kitambaa, kisha asagwe na maji, tone liangaliwe kwa hadubini. Ukiona vile vijidudu vyenye umbo la yai, mayai yake yote unayachoma. Ukikuta safi, unayaweka. Kabla ya hapo ungeangalia mayai kwa macho usijue lipi zima lipi lina kifo ndani yake. Ndiyo maana watu walivuka dunia. Hata Italia ilikuwa na wafanyabiashara wa namna hiyo waliokwenda Japani kila mwaka na kurudi na mayai yameshikamana na kadi za karatasi.

Sasa sikilizeni. Yai la kiwavi wa hariri ni dogo kama mbegu ya mpopi. Linatagwa la njano, na baada ya siku chache likiwa na uhai linageuka kijivu. Hapo linalala. Baridi inalilaza, joto linaliamsha. Likishaamka halingoji mtu: kiwavi anatoka mwembamba kama uzi wa kushonea, mweusi, na anataka jani changa la mforsadi siku hiyohiyo. Nimewahi kukosea joto la chumba. Niliingia asubuhi nikakuta trei nzima inatembea, na miti nje haijachipua hata jani moja. Nilikwenda kupasua machipukizi kwa kucha nikiwatafutia unyevunyevu wa kijani. Siku ya tatu trei ilikuwa imetulia.

Kwa hiyo nilipokuta Joncour anarudi Jumapili ya kwanza ya Aprili, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nilielewa mara moja. Mforsadi ndio unafungua macho. Safari ya nne alichelewa. Alichelewa kwa sababu alimtafuta yule mwanamke katika nchi inayoungua, hakutaka kuondoka. Mayai yakaanguliwa njiani. Alifika na viwavi wafu. Mji mzima ulikuwa umemchangia fedha, na mji ule haukuwa na kazi nyingine.

Ndugu Sauti_Kavu, uko sahihi kuhusu mtoto, sina la kukupinga. Lakini usiseme mapenzi yale hayakulipiwa. Yalilipiwa na watu wa Lavilledieu ambao hawakuwahi kukiona kile kikombe.

Sauti_Kavu

Hili la machipukizi sikulijua. Nitairudia ile safari ya nne.

Mpwa_wa_Bimkubwa

Mimi sikukisoma kimya. Nilimsimulia mama mkubwa wangu, ambaye macho hayamruhusu tena kusoma, jioni tatu mfululizo, nikitafsiri papo kwa papo. Nikagundua kwamba Kiswahili kinakibeba kitabu hiki vizuri kuliko Kiingereza nilichokuwa nakisoma. Kwenye barua nilisema "ameandika", "anakutaka", "anakuomba ufumbe macho", na ile "a-" haikumfichua mtu. Kiingereza, ukimsimulia mtu hivyo, mara nyingi kinalazimika kutaja kama ni mwanamke au mwanamume. Chetu kinakaa kimya mpaka utakapotaka kusema.

Jina la pili la ziwa lilinipa shida. Nilianza na "shetani", mama mkubwa akanisimamisha: "Ziwa haliwi shetani, ziwa lina pepo." Nikasahihisha.

Lakini nililotaka kuwaletea ni hili. Nilipofika mwisho, kwamba barua ni ya Hélène, sikuona machozi wala mshangao. Alinyamaza, kisha akauliza: "Na yule aliyemsomea, alikuwa anajua?"

Nikamwambia ndiyo, aliiandika kwa mkono wake.

"Basi alimkalisha mwanamume mbele yake, akamsomea maneno ya mke wake mwenyewe, uso mkavu, na hakusema?"

Hakusema, nikamjibu, mpaka Hélène alipozikwa na mume akaja mwenyewe kuuliza.

Mama mkubwa akasema, "Huyo ndiye mtu wa hadithi yako." Na mpaka leo akinipigia simu anamuulizia "yule mama wa maua" kama vile ni jirani yetu. Mimi nilikuwa nimempita Madame Blanche kama mkalimani tu. Hebu warudieni wale wanawake wawili, mkiwaza siku Hélène alipomwendea kwa mara ya kwanza, mke wa mtu kutoka mji wa pili, na karatasi zake mkononi. Baricco hajaiandika siku hiyo. Nimekuwa nikiiandika mimi kichwani.

Bint_Kurasa

Nimesoma majibu yenu mara mbili kabla ya kushika simu kuandika. Asanteni sana.

Sauti_Kavu, mtoto yule mimi nilimpita. Nilisoma, nikasikitika, nikageuza ukurasa kutafuta msichana yuko wapi. Umenisimamisha, na sidhani kama unanidai samahani yoyote.

Swali la mama mkubwa limenigusa kuliko yote, na sasa niseme kitu ambacho sikukiandika mwanzoni. Nilipokuwa kidato cha tatu, bwenini, nilikuwa namwandikia rafiki yangu barua za kumpelekea kijana wake. Alikuwa na moyo mkunjufu lakini kalamu ilimgomea. Alinieleza anachotaka kusema, mimi nikakisema. Mwanzo nilifuata aliyoniambia. Kufikia barua ya nne au ya tano nilikuwa natia ya kwangu. Niliwahi kuandika kwamba taa za bweni zikizimwa, giza huwa linaingia kwa zamu, kitanda hadi kitanda, na kwamba kikifika changu ndipo ninapoanza kuongea naye. Kitanda kile kilikuwa changu kweli. Cha rafiki yangu kilikuwa karibu na mlango, mwanzo kabisa kupata giza.

Kijana akajibu kwamba mstari ule ameunakili kwenye jalada la ndani la daftari lake. Rafiki yangu alinisomea jibu hilo kwa furaha, ameshika karatasi kwa mikono miwili. Nikamwambia hongera. Nikaenda kufua, siku ambayo sikuwa na nguo chafu.

Sikumpenda yule kijana, sikuwahi hata kumwona vizuri. Lakini nilitaka, kwa dakika ile moja, niwe huyo anayeandikiwa. Ndiyo maana Madame Blanche anapomweleza Joncour kwamba Hélène alitamani kuwa yule mwanamke mwingine, sikuweza kuendelea kusoma. Hélène alikuwa mke, nyumba ni yake, kitanda ni chake, na bado ilimbidi apite kwa lugha asiyoijua ili amwambie mumewe anavyomtaka. Na mume akaipokea ile barua kwa moyo wote, kwa sababu alidhani imetoka mbali.

Kwa hiyo nabadilisha jibu langu. Sioni tena zawadi wala kifungo. Naona mtu aliyekuwa na la kusema na akapata njia moja tu ya kusikilizwa. Kinachoniuma ni kwamba alisikilizwa na hakuonwa.

Mfuga_Viwavi, nina swali moja kama una muda. Lile yai linalogeuka kijivu, linageuka lote kwa pamoja au linaanzia upande mmoja?

Mfuga_Viwavi

Ukiangalia kadi nzima utadhani ni kwa pamoja. Ukiinama na kioo cha kukuzia utakuta machache hapa, machache pale, na ya njano yamebaki katikati yao. Yale ambayo hayatageuka kabisa yanabonyea. Usiyatoe mapema. Mimi huyapa wiki nzima.