Mjadala: Je, "umetumwa na nani?" ni jibu?

Mleta mada:

Ndugu zangu, naleta mbele yenu swali ambalo limenikaa moyoni tangu mkutano mkuu wa kijiji chetu uliopita. Mama mmoja alisimama akaomba wananchi wasomewe matumizi ya fedha za kisima, kwa kuwa kila kaya hulipia maji kwa ndoo na pampu imekwisha kuharibika mara mbili bila kutengenezwa ipasavyo. Hakutukana mtu wala hakumtuhumu yeyote wizi. Alichojibiwa ni swali: "Wewe mama, umetumwa na nani?" Watu wakacheka, mwenyekiti akahamia ajenda nyingine, na hadi leo hesabu ya kisima haijasomwa.

Ninachouliza ni hiki: je, anayeongoza mkutano wa hadhara awe na wajibu wa kuikataa kauli ya namna hiyo isihesabiwe kuwa jibu, au tuiache ipite kwa kuwa kila mtu ana uhuru wa kusema apendavyo? Mimi nasema awe na wajibu huo. Hata kama yule mama alitumwa kweli, tuseme na mtu anayeutaka uenyekiti mwakani, fedha zilizomo kwenye daftari la kisima haziongezeki wala hazipungui kwa sababu hiyo. Mtoto wa jirani akija mbio kusema paa lako linawaka moto, humwulizi kwanza baba yake ana nia gani nawe.

Kauli hiyo ina ndugu zake, na mkubwa wao kwa maoni yangu ni "ajali haina kinga." Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya 200, na uwezo wake ulikuwa abiria 101. Idadi ya waliokufa peke yake imezidi mara mbili ile iliyoruhusiwa kupanda! Kabla ya hapo tulikuwa na MV Bukoba, Mei 1996, na MV Spice Islander, Septemba 2011, iliyozama ikielekea Pemba, nazo zote zilisemwa kuwa zilizidisha watu. Kinga ilikuwepo, nayo ni mtu wa kusimama gatini na kuhesabu vichwa. Sisemi kwamba aliyefiwa asifarijiwe kwa maneno ya imani. Kwenye matanga maneno hayo yana mahali pake na heshima yake. Nasema kwamba afisa anayeulizwa ni nani aliyeruhusu chombo kiondoke hana ruhusa ya kujibu kwa maneno ya matanga.

Wenzetu wa Kenya nao wanaijua "kubali yaishe," kwao "accept and move on," ambayo ilivuma baada ya uchaguzi wa 2013 na kurudi baada ya ule wa Agosti 2017. Safari hiyo ya pili waliokataa kuyamaliza walikwenda Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili wakaubatilisha uchaguzi wa rais kwa kasoro za namna matokeo yalivyopokelewa na kutangazwa. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu hukumu ile, lakini huwezi kusema kwamba hapakuwa na la kujadili.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini, na kuhusu vivuko sina ugomvi nawe. Kuhusu "umetumwa" nakupinga waziwazi. Sote tulifundishwa shuleni habari za Chifu Mangungo wa Msovero, ambaye mwishoni mwa 1884 alitia alama yake kwenye mkataba wa Mjerumani Karl Peters, mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoijua. Peters alikuja akijiita rafiki, na miezi michache baadaye, Februari 1885, karatasi zake zikageuka kuwa hati ya ulinzi ya mfalme wa Ujerumani juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Laiti pangekuwa na mzee mmoja pale wa kumwuliza yule mgeni, "Umetumwa na nani, na huyo aliyekutuma anataka nini?" Swali hilo hilo leo unataka mwenyekiti alizime.

Mimi nimeshakaa kwenye vikao ambamo mtaalamu alikuja kutueleza faida za mwekezaji fulani kwa takwimu nzuri sana, na baadaye ikajulikana kwamba posho yake ililipwa na mwekezaji huyo huyo. Aliyemwuliza siku ile ametumwa na nani alizomewa na wasomi kwa kuambiwa kwamba anamshambulia mtu badala ya hoja. Kwa hiyo tahadhari, mzee wangu: nchi ambayo imekwisha kudanganywa na wageni wenye tabasamu ina haki ya kuuliza mtu katoka wapi.

Mchangiaji wa pili:

Mimi naandika kutoka Kenya, na shida yangu ni nyingine. Mleta mada anampa mwenyekiti rungu, hali katika kisa chake mwenyewe mwenyekiti ndiye anayedaiwa hesabu. Mwenyekiti wa namna hiyo akipewa mamlaka ya kuamua kauli ipi ni jibu na ipi si jibu, wa kwanza kunyamazishwa atakuwa yule mama.

Isitoshe, mmezitaja kauli za wasiosoma na kuziacha za waliosoma, ambazo mimi naona ni kali zaidi kwa sababu zimevaa suti. Huku kwetu, kwa miaka mingi, mtu wa Turkana, wa Kilifi au wa Garissa akiuliza kwa nini lami iliishia mbali na kwao, alinyamazishwa kwa neno moja: ukabila. Nalo ni neno zito, kwa maana ukabila upo na umeua watu, na ndiyo sababu aliyetupiwa hukaa kimya. Lakini swali lake lilikuwa na mizizi kwenye maandishi ya serikali yenyewe. Waraka nambari 10 wa 1965 ulipendekeza fedha za maendeleo zielekezwe zaidi kwenye maeneo yenye rutuba na mvua, kwa matumaini kwamba faida itasambaa hadi kwa wengine. Ilipokuja Katiba ya 2010, ikaunda kaunti 47 na ikatenga hazina maalumu ya kuyafikishia maji, barabara, afya na umeme maeneo yaliyoachwa nyuma. Basi lile lililoitwa ukabila kwa miongo minne likawa ibara ya Katiba. Leo hakuna aliyemwomba radhi aliyelisema mapema.

Nakubali kwamba kauli hizi ni mbovu. Dawa yako ndiyo inayonitia hofu.

Mchangiaji wa tatu:

Naongeza moja tu, "wengi hawataki." Mwaka 1991 Tanzania iliunda tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Ingekuwa rahisi kuifunga hoja hapo. Tume ikayasikiliza na yale ya wachache, ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1992 vikaanza rasmi. Wapo wanaosema tume ilikosea, na hiyo ni haki yao. Nami naona kwamba kuhesabu mikono ni njia ya kuamua, wala si njia ya kujua nani amesema kweli. Wazee wetu waliposema wengi wape, walikuwa wakizungumzia kugawana, sivyo?

Mleta mada:

Nawashukuru wote, na kwa mchangiaji wa kwanza nakiri kwamba Mangungo amenitikisa. Nimelifikiria jambo hilo siku mbili, na hapa ndipo nilipofika. Peters alimtaka Mangungo amwamini, kwa kuwa maandishi yale hakuweza kuyasoma mwenyewe. Mtu anayetutaka tumwamini lazima aulizwe katumwa na nani, na yule mtaalamu wa posho aliulizwa kwa haki. Yule mama hakumtaka mtu amwamini. Aliomba daftari lifunguliwe, kila mwenye macho aone. Anayetutaka tutazame wenyewe hana haja ya kutueleza ametoka wapi.

Chukueni sakata la 2017 hapa Tanzania la makinikia, yaani mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje. Kampuni ya madini ilidaiwa kodi, riba na faini zinazofikia dola bilioni 190, na baadhi ya waliotilia shaka hesabu hiyo waliambiwa kwamba si wazalendo na kwamba wanawatetea mabeberu. Makubaliano yaliyotangazwa Oktoba mwaka huo yalitaja dola milioni 300, pamoja na hisa za asilimia 16 za serikali katika migodi, na hisa hizo si jambo dogo. Huenda mwenye shaka mmoja au wawili walikuwa na masilahi yao. Lakini bilioni 190 ni namba, na namba hukaguliwa kwa kalamu na karatasi, hata na mtu usiyempenda.

Kwa mchangiaji wa pili, umenishika pabaya. Nilikuwa nikimfikiria mwenyekiti mwema, ambaye kwa kweli hahitaji kanuni. Naliondoa pendekezo langu la kumpa mwenyekiti uamuzi na kuweka jingine mahali pake: liwe jukumu la mwandishi wa kikao, na lisimhitaji kuhukumu lolote. Aandike kwenye muhtasari swali kama lilivyoulizwa na jibu kama lilivyotolewa, neno kwa neno. Mstari mmoja useme, "Aliuliza fedha za kisima zimetumikaje," na wa pili, "Alijibiwa: umetumwa na nani." Mwanzoni mwa mkutano unaofuata, muhtasari unaposomwa kama ilivyo desturi, maneno hayo yasomwe kwa sauti mbele ya waliolipia maji. Sina hakika kama kijijini kwetu mwandishi atathubutu, maana naye ni shemeji wa mtu.

Mkutano wetu ujao ni mwezi kesho. Nimekwisha kumwomba yule mama ruhusa ya kusimama pamoja naye, na safari hii swali tumeliandika: pampu ilinunuliwa tarehe gani, kwa bei gani, na kwa risiti ipi. Mwenye namna bora ya kuliandika asisite kusema.