Tupeane uzoefu: unajuaje kama mto wako unakuja?

Mkaa Garashi
Salaam wandugu. Masika yako mlangoni, na sisi wa kandokando ya mto Sabaki, pwani ya Kenya, tunaijua hali yake: jua kali, hapa kwetu hata tone halijaanguka, halafu usiku maji yamo kwenye mahindi. Mvua yenyewe ilinyesha Ngong na Ukambani, mto ukiwa bado unaitwa Athi. Ukishakutana na Tsavo unakuwa Galana, na ukitufikia sisi ndio Sabaki, siku kadhaa zimeshapita. Siku hizo ndizo tunazopaswa kuzitumia, na wengi tunazilala.

Naomba kila mwenye kuishi karibu na mto, hata kijito cha msimu, aseme anajuaje kama maji yanapanda na anaamua lini kuhama. Hapa kwetu tumepiga rangi shina la mkoma lililo ukingoni: pete nyeupe mashine za maji zinatolewa, pete nyekundu watoto na mbuzi wanapanda juu. Pete nyekundu tuliiweka pale wazee walipoonyesha maji ya Elnino ya 1997 yalipofika.

Mama Bamia, Jilore
Pete ni nzuri, lakini inakwambia maji yako wapi, haikwambii yanakwenda kasi gani. Mimi nachomeka kijiti pale pale maji yanapogusa udongo, wakati wa magharibi. Alfajiri naenda na tochi kutazama kimefunikwa kiasi gani, nachomeka kingine. Mto unaweza kuwa juu na umetulia, huo siukimbii. Ule ulio chini lakini kila saa unakula kijiti, huo ndio wa kuuogopa.

Rangi ya maji msiitegemee sana. Sabaki ni mwekundu karibu muda wote wa mvua. Tazameni vinavyoelea: mapovu mazito, matawi yenye majani mabichi, mizizi yenye udongo wake. Majani yakiwa mabichi, kuna ukingo umebomoka huko juu si siku nyingi. Na nina mkwe Chakama, huko juu mtoni. Yeye akipiga simu kabla ya saa moja asubuhi, sisubiri salamu ziishe, naita vijana wa kubeba mashine.

Msoma Kipimo
Niliwahi kusoma vipimo vya mto kwa malipo kidogo ya mwezi, sitasema kituo gani. Ni vibao vyenye namba za mita na sentimita, vimesimamishwa kwa ngazi kutoka chini ya ukingo hadi juu, ili maji yakikifunika kimoja usome kinachofuata. Unasoma asubuhi, unasoma jioni, unaandika kitabuni. Watu hudhani sifuri ni chini kabisa ya mto. Sivyo. Sifuri ni alama iliyochaguliwa tu, kwa hiyo "mita mbili" ya kituo kimoja huwezi kuilinganisha na "mita mbili" ya kingine. Kinacholinganishwa ni kituo na historia yake chenyewe.

Uchungu wangu ni huu: namba zangu zilikuwa zikienda ofisini mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi! Maji yalishafika baharini zamani, na mkulima wa chini hakuwahi kuambiwa lolote. Mafuriko yakija makubwa, kibao cha juu kinang'olewa na gogo, yaani siku inayohitajika namba zaidi ndiyo siku isiyo na namba. Mkwe wa Mama Bamia anafanya kazi ambayo kitabu changu hakikuifanya.

Boda wa Matsangoni
Nyinyi wenzetu mna siku kadhaa. Sisi wa vijito vya msimu tuna saa chache tu, na hakuna wa kumpigia simu, maana "juu" kwenyewe ni hapo nyuma ya kijiji. Mnakumbuka Mbogolo, Novemba 2023? Daraja lilikatika, barabara ya Mombasa–Malindi ikasimama. Kijito ambacho wakati wa kiangazi unakipita bila kukiona.

Kwa hiyo sisi tunapima mvua, si mto. Kopo lililonyooka pande zote, mdomo na kitako sawa, unaliweka mahali pa wazi mbali na miti, na rula ya mtoto wa shule. Milimita moja ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Piga hesabu ya shamba lote na vilima vyote, kisha ujue yote hayo yanataka kupita kwenye kalvati moja. Ardhi ikiwa imelowa tangu jana, kopo likifika nusu ya lile la jana tayari tunasimamisha pikipiki. Na kagueni kalvati kabla ya mvua. Mara nyingi kinachofurika si kijito, ni matawi na chupa zilizoziba mdomo.

Abiria hunitukana nikikataa kuvuka. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita kumi na tano tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na pikipiki ndiyo kabisa.

Nahodha Mambrui
Mmeisahau bahari. Huku mlangoni mto ukiteremka na bahari ikiwa inajaa, maji hayana pa kwenda, yanarudi kwenye mashamba. Wakati wa bamvua, yaani bahari inapojaa zaidi, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Mto mkubwa ukikutana na saa hizo, msilale. Maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, hayatusumbui hivyo.

Kijana wa Kakuyuni
Na mamba jamani! Vijiti vya Mama Bamia alfajiri na tochi... mimi hapana.

Mama Bamia, Jilore
Kijiti kirefu, mwanangu, na huingii majini. Viboko ndio wabaya, wanapanda mashambani maji yakiwafukuza.

Dereva wa Lamu
Mimi njia yangu ni Garsen–Witu, hofu yangu ni mto Tana. Huko dalili zenu hazitoshi, kwa sababu mto una mabwawa juu. Bwawa la Masinga likiwa na nafasi linameza maji mengi ya mvua, unasikia habari za mvua kubwa huko juu na huku chini hakuna kitu. Likijaa mita 1,056.5 kutoka usawa wa bahari, linamwaga, na linaendelea kumwaga hata mvua ikikoma. Mwishoni mwa 2023 pale Lango la Simba barabara ilikuwa ziwa. Siku hizi kabla ya kubeba abiria nasikiliza redio, kiwango cha Masinga kwanza, hali ya hewa baadaye.

Mkaa Garashi
Kumbe! Sabaki haina bwawa la kutukinga namna hiyo, Thwake kule Makueni lilikuwa bado linajengwa mafuriko ya 2024 yalipokuja. Yaani kwetu kila mvua ya juu inashuka yote. Msoma Kipimo, ukiwa na namba ya kituo lakini hujui historia yake, inasaidia chochote?

Msoma Kipimo
Inasaidia ukiisoma kila siku. Anza leo mto ukiwa mdogo, andika pia siku ambazo hakuna kitu. Baada ya msimu mmoja utajua namba ipi ya Chakama inafika kwenye pete yako nyeupe, na baada ya muda gani.