Kwa nini binti wa Kihindi husamehe urithi ambao sheria imempa?

BintiMkunazini ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina jirani hapa Unguja, mwanamke wa Kihindu aliyezaliwa katika kijiji kilicho karibu na Jodhpur, jimbo la Rajasthan. Baba yake alifariki mwaka jana na ameacha nyumba pamoja na shamba. Mwezi ujao anasafiri kwenda kwao, na kaka zake wamekwisha kumwarifu kwamba hati iko tayari na kilichobaki ni yeye kutia saini ya kuiacha sehemu yake. Nilipomuuliza kama ameridhia, alinijibu kwamba kwao madada wote hufanya hivyo, na anayekataa huonekana mwenye tamaa.

Naomba wenye ujuzi wanieleze sheria ya India inasema nini hasa. Na ikiwa sheria iko upande wake, ni kitu gani kinachomfanya mwanamke aliyesoma, mwenye mshahara wake, aitoe haki yake kwa mkono wake mwenyewe? Tafadhali tusilijibu suala hili kwa yale tunayoyaona katika tamthilia, kwa sababu huyu ni mtu ninayempenda na jambo lake limeninyima raha.

MwanasheriaVuga amejibu:

Waalaykum salaam dada. Sheria iko upande wake waziwazi, ingawa ilichukua muda mrefu kufika hapo. Sheria ya Urithi ya Wahindu ya mwaka 1956 ilimpa binti fungu sawa na la mwana katika mali ambayo baba aliichuma mwenyewe na akafariki bila ya kuacha wosia. Mali ya ukoo, ile inayoshuka kutoka kwa babu, iliendelea kuwa ya wanaume, kwani mtoto wa kiume peke yake ndiye aliyehesabiwa kuwa mshirika wa mali hiyo tangu siku anayozaliwa. Juu ya hayo, kifungu cha 23 kilimzuia binti kudai mgawanyo wa nyumba ya wazazi mpaka ndugu zake wa kiume waamue wenyewe kugawana. Kabla ya hapo Dk. B. R. Ambedkar, aliyekuwa waziri wa sheria, alitaka mageuzi mapana zaidi, na kukwama kwa mswada wake bungeni kulikuwa miongoni mwa sababu zilizomfanya ajiuzulu mwaka 1951.

Majimbo ya Andhra Pradesh, Tamil Nadu, Karnataka na Maharashtra yalitangulia kumpa binti haki katika mali ya ukoo, kisha marekebisho ya nchi nzima yakaanza kutumika tarehe 9 Septemba 2005, na kile kifungu cha 23 kikafutwa. Hata baada ya hapo mahakama ziliendelea kubishana iwapo ilikuwa lazima baba awe hai siku hiyo ndipo binti apate haki yake, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwezi wa Agosti 2020, katika kesi ya Vineeta Sharma, kwamba binti huzaliwa na haki hiyo kama anavyozaliwa nayo mwana, na uhai wa baba hauibadilishi.

Nisingependa wasomaji wetu wadhani kwamba tatizo hili ni la Wahindu peke yao. Sheria ya mwaka 1937 inayowaweka Waislamu wa India chini ya sharia katika mambo ya mirathi iliyaacha nje mashamba ya kilimo, na katika jimbo la Uttar Pradesh sheria ya ardhi ya mwaka 2006 ilimweka binti aliyeolewa nyuma ya kaka zake katika kurithi shamba, awe wa dini yoyote.

MamaWete amejibu:

Mwanangu, mwanasheria amekueleza sheria vizuri. Mimi nitakueleza kuhusu nyumba, maana India sijafika lakini sababu ya jirani yako naielewa.

Kule kaskazini mwa India desturi ni binti kuozwa kijiji kingine, wakati mwingine mbali sana, na akishaolewa huenda kukaa kwa wakwe zake, pamoja na shemeji na mawifi. Ndoa ikiharibika, mahali pa kurudi ni kwa wazazi wake, na wazazi wakishafariki nyumba ile inakuwa ya kaka. Basi anachokipigia hesabu dada ni mlango huo. Akilidai fungu lake, anaogopa kwamba siku atakayofukuzwa na mume hatakuwa na pa kubisha hodi, na kwamba hata sikukuu ya Raksha Bandhan, ambayo dada humfunga kaka yake uzi mkononi, itapita bila ya yeye kualikwa. Rajasthan jambo hili limezoeleka kiasi cha kuwa na jina lake, haq tyag, na hufanywa kwa heshima mbele ya jamaa kana kwamba dada ametoa zawadi.

Nasi Pemba tuseme ukweli. Nimewaona wanawake waliotajiwa idadi ya mikarafuu yao kwa mujibu wa mirathi, halafu wakasema mbele ya wazee kwamba wamewasamehe kaka zao, na msimu wa karafuu ukifika hupelekewa kitu kidogo cha kuwaridhisha. Hawakulazimishwa na mtu kwa maneno. Walikuwa wanalinda mlango ule ule.

MkaziChake amejibu:

Kwa heshima yako Mama, naomba na upande wa kaka utazamwe. Yeye ndiye anayebaki na wazazi, akawauguza na kuwazika, na katika familia za Kihindi binti huondoka na mali nyingi siku ya harusi. Je, si haki kwamba fungu lake amekwisha kulichukua mapema?

MwanasheriaVuga amejibu:

Ndugu yangu, hoja hiyo hutolewa sana hata huko India, lakini haisimami. Kwetu mahari ni ya mke mwenyewe, ilhali kule mali ya harusi hutoka kwa wazazi wa binti na mara nyingi huishia mikononi mwa mume na wakwe. Sheria imeipiga marufuku tangu mwaka 1961, nayo inamtaka yeyote aliyeipokea amkabidhi binti, lakini madai yake hayajakoma: katika mwaka 2022 pekee polisi wa India waliandikisha zaidi ya kesi 6,000 za vifo vya wanawake vinavyohusishwa na mali hiyo. Haiwezekani kumwambia mtu kwamba kitu kinachomhatarishia maisha yake ndicho urithi wake. Na kuhusu kutunza wazazi, sheria ya mwaka 2007 inawabebesha jukumu hilo watoto wa kiume na wa kike pia.

Hofu aliyoieleza Mama ni ya kweli, lakini naamini dawa yake ni mwanamke kuwa na mlango wake mwenyewe. Bina Agarwal na Pradeep Panda walifanya utafiti Kerala, katika wilaya ya Thiruvananthapuram, wakakuta kwamba miongoni mwa wake wasio na nyumba wala ardhi, asilimia 49 walikuwa wamepigwa na waume zao, lakini kwa waliomiliki vyote viwili walikuwa asilimia 7. Mwanamke mwenye pa kwenda huchungwa hata na mume mkali.

Mwambie jirani yako kwamba kuacha haki katika nyumba au ardhi kunahitaji hati iliyosajiliwa. Kwa hiyo madhali hajasaini, fungu bado ni lake. Anaweza pia kulipokea, kisha akakubaliana na kaka zake waendelee kulima shamba na kumpa sehemu ya mavuno.

BintiMkunazini amejibu:

Ahsanteni sana, na wewe Mama Wete Mungu akuweke. Nimemsomea majibu yote. Hajasema kwamba atakataa kusaini, ila ameniomba nimwandikie jina la ile kesi ya mwaka 2020, na jioni hii atampigia simu dada yake mkubwa, ambaye naye anasubiriwa kutia saini hati hiyo hiyo.